Kamba Ilale Kapuni

Kosa langu la mwanzo lilikuwa taa. Nilimwekea nyoka mdogo taa ya joto juu ya sanduku lake, mwezi wa Januari, hapa Unguja, wakati hata paka wa Mji Mkongwe wanajilaza kwenye sakafu za saruji wakitafuta ubaridi. Niliporudi baada ya chakula cha mchana nilimkuta amejizungusha ndani ya bakuli la maji, kichwa kakiinua, mdomo wazi. Bi Kazija, niliyekuwa nafanya naye kazi, alichomoa waya ukutani, akafungua dirisha, kisha akanigeukia.

“Hamisi, mwanangu, huyu unamfuga au unamchoma?”

Nyoka alipona. Mimi nilikaa juma zima sina hamu ya kula.

Naanza na taa kwa makusudi. Nyinyi vijana mlioshika kazi yangu pale bustanini mmeniomba niwaandikie namna ya kumzoesha nyoka mgeni nyumba yake mpya, na najua mnatarajia maelezo ya mtu aliyejua tangu mwanzo. Sikujua. Kufuga nyoka nilijifunza kwenye simu, kwa kutazama video za watu wa nchi za mbali. Mmoja alikuwa akirudia kila mara kwamba nyoka lazima apatiwe joto, na mimi nikaandika, nikapiga mstari chini yake. Sikutazama vizuri kwamba anayesema hayo amevaa sweta ndani ya nyumba.

Mmeniita mstaafu. Nimecheka. Sina mvi hata moja, ila kazi nimeiacha kweli, na kilichonitoa si nyoka bali chakula chao. Daktari aliniambia kifua changu kimekataa manyoya ya panya, na kwamba pumu yangu na kibanda cha panya haviwezi kukaa pamoja. Miaka yote hiyo mama yangu aliogopa kwamba nyoka ataniua. Nilipomwambia habari ya panya alisema, “Basi kumbe nilikuwa namwogopa asiyehusika.” Sasa nauza rangi za nyumba dukani kwa shemeji yangu, mtaa wa Amani, na bado kila nikifungua mlango wa stoo natazama chini kwanza.

Nitawaambia ninayoyajua, lakini hayatakuja kwa mpango. Nimejaribu kuyapanga. Nimeandika ukurasa huu na kuuchana mara nyingi mpaka mke wangu akaniuliza kama bei ya karatasi imeshuka. Basi nimeamua kuandika kama ninavyozungumza.

Bustani mnaijua. Tajiri aliianzisha kwa ajili ya kobe na ndege, nyoka wakaja wenyewe, maana watu wa mashamba wakishazoea kwamba kuna mahali pa kupeleka kitu, watakileta. Nilipoingia, Bi Kazija alikuwa amekwishakuwepo miaka. Mtu wa Makunduchi, mfupi, sauti yake unaisikia kutoka barabarani. Alikuwa akimkamata nyoka kwa ufagio wa chelewa na ndoo, na huku anamsema kama anavyomsema mtu aliyekuja kukopa sukari. “Haya baba, ingia. Ingia, usinitie ghasia, nina mchele jikoni.”

Nilimwogopa yeye kuliko nyoka. Nilikuwa kijana wa kupanga mabakuli kwa ukubwa, wa kufuta kioo mpaka ndege wanakigonga. Yeye alikuwa mtu wa kuweka bakuli lilipoangukia. Lakini msidhani kwamba alikuwa anajua yote na mimi sijui kitu. Bi Kazija aliamini kwamba nyoka anakunywa maziwa. Kila nyoka mpya alimwekea maziwa, na kila jioni maziwa yalikuwa yamechacha na sisimizi wamejipanga foleni kuanzia mlangoni. Nikimwambia, ananijibu, “Kanywa kidogo. Huoni yamepungua?” Yalipungua kwa joto. Siku moja nilimwekea glasi ya maziwa mezani, pasipo nyoka, karibu na dirisha. Jioni aliiona imepungua, akanitazama, akaimimina nje, na hakuweka maziwa tena. Hakusema kwamba nimeshinda. Alisema, “Maziwa yenyewe yamepanda bei.”

Na mimi nilikuwa na yangu. Nilisoma kwamba tandiko zuri la nyoka ni nyuzi za makumbi ya nazi, nikaona hapo sasa sisi tuna bahati, makumbi tunayo. Nikapanda gari mpaka Uroa, nikanunua gunia la makumbi kwa mama mmoja aliyekuwa akiyafukua pwani. Hakuniuliza ya nini, nami sikumwambia. Anayejua makumbi ya kusokotea kamba ameshacheka. Yamefukiwa kwenye tope la bahari miezi na miezi, yamekula chumvi, na harufu yake huwezi kuisahau. Niliyatandaza kwenye sanduku, nikayasawazisha kwa kipande cha ubao, nikasimama nyuma kutazama kazi yangu. Tajiri aliingia, akatoka, akarudi amejiziba pua kwa leso.

“Kimekufa nini humu?”

“Hakijafa kitu, tajiri. Ni tandiko.”

“Litoe kabla sijafa mimi.”

Kwa hiyo: makumbi yaoshwe kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe, yaanikwe juani, yageuzwe, ndipo yatiwe sandukuni. Au wekeni magazeti. Nyoka hajali gazeti ni la lini.

Lakini niliyotaka kuwaambia hasa ni habari ya chatu wa Chukwani, maana yeye ndiye aliyenifunza kazi.

Alikuwa chatu jike, mrefu kunipita mimi, mnene kama mkono wa mtu mzima. Mwenyewe alikuwa marehemu Bwana Suleiman, fundi wa kushona kanzu, mtu wa Chukwani. Alimlea tangu mdogo kabisa, kwa kibali, katika chumba chake cha cherehani. Bwana Suleiman alipofariki, mjane wake, Bi Zuwena, alimpigia simu tajiri akaomba nyoka apokelewe. Yeye mwenyewe hakuweza kuja kumkabidhi, kwa kuwa alikuwa ndani ya eda na hatoki nyumbani. Akamkodia teksi.

Teksi ilifika adhana ya magharibi ikimalizika. Bi Kazija alikuwa ameshakwenda zake, nipo peke yangu. Dereva alikuwa mzee wa makamo, jirani yake Bi Zuwena, na nilivyomwona ameshuka nilijua kwamba safari ile hakuipenda. Chatu alikuwa ndani ya foronya iliyofungwa, foronya ndani ya sanduku la mbao. Kiti cha nyuma palikuwa na kapu kubwa lililosukwa kwa ukili, lenye kifuniko, limefungwa kwa kamba ya makumbi. Aliyatoa yote mawili, akaniwekea chini, akarudi hatua kadhaa nyuma.

“Bi Zuwena kaniagiza nikwambie,” alisema. “Kamba ilale kapuni mwake. Isilale nje. Kasema hiyo ndiyo muhimu kuliko yote.”

“Kamba?”

“Kamba, naam. Ilale kapuni. Kanirudilia mara mbili.”

“Haya, nimeelewa.”

“Umeelewa kweli?”

“Nimeelewa, mzee wangu. Kamba isitoke kwenye kapu.”

Akaridhika, akapanda gari lake, akaenda kusali.

Nilifungua kapu. Ndani yake mlikuwa na vipande vya vitambaa vya kanzu, vyeupe na vya rangi ya maziwa, vimechakaa, vina vumbi na madoa. Nilishtuka. Nilikuwa nimesoma sana habari za utitiri wanaojificha kwenye vitu vikuukuu na kumnyonya nyoka damu, na hapa nimeletewa kiota kizima. Kwa mimi nilivyo, kapu lile lilistahili kutiwa kwenye maji ya moto na dawa usiku uleule. Lakini nilikuwa nimeagizwa. Basi niliizungusha ile kamba ya makumbi vizuri, duara juu ya duara, nikailaza juu ya vile vitambaa, nikafunika kifuniko, nikalitundika kapu kwenye msumari wa stoo. Na kwa kuwa kamba haitakiwi kutoka, kapu sikuliosha. Ningelioshaje na kamba imo ndani?

Chatu nilimtia kwenye sanduku jipya la vioo. Nataka mlione kama nilivyoliona mimi. Vioo pande zote nne, vinang'aa. Tandiko limesawazishwa. Gogo la mkarafuu nililolisugua kwa siku nzima, bakuli la maji kwenye pembe, na pango la udongo nililolinunua sokoni, kubwa, mdomo mpana, ili aingie kwa raha. Nililipiga picha. Nilimwonesha mama, naye akasema mtoto wake wa kiume hajawahi kumtandikia kitanda chake hivyo.

Chatu hakula.

Sasa, mjue kwamba chatu kukaa bila kula si ajabu. Mgeni hali, hata binadamu ukimpeleka kwa watu asiowajua atasema ameshiba. Mimi nililijua hilo kwa kulisoma. Ila kulijua ni kitu kimoja, na kuamka alfajiri unajiuliza kama leo atakula ni kingine. Nilimtegea panya jioni kwa koleo refu, akageuza kichwa. Nikabadilisha panya. Nikabadilisha bakuli. Nikahamisha gogo. Kila nilipopita nilichungulia, na nilikuwa nikipita hata kama sina safari upande ule. Niliinua pango kuona amelalaje, nikalirudisha sawasawa, nikaondoka, nikawa na wasiwasi kwamba sikulirudisha sawasawa, nikarudi.

Na kila siku baada ya alasiri simu yangu inaita. Bi Zuwena hakuandika ujumbe, alirekodi sauti. Alikuwa na sauti ya taratibu, ya mtu anayeongea huku anachambua mchele.

“Hamisi, hujambo mwanangu. Mke mwenzangu keshakula?”

Hivyo ndivyo alivyomwita. Siku ya kwanza nilidhani amekosea namba. Akanieleza kwamba marehemu alikuwa akirudi sokoni anaanza chumba cha cherehani, kuuliza hali ya yule, ndipo aje jikoni kumuuliza yeye. “Miaka yote nimekaa uke wenza na kitu hakina hata miguu,” alisema. Hakuwahi kumgusa. Alikuwa akimwogopa mpaka ngozi inamsisimka. Lakini mumewe, alipokuwa kitandani mara ya mwisho, alimwomba asimwache chatu akafa.

“Mimi simpendi,” aliniambia. “Usinifikirie vingine. Lakini ni amana, Hamisi. Nikitoka eda nikaambiwa kafa, nitamwambia nini mwenyewe? Usiniache nikafika huko na deni la amana.”

Nikajibu, “Inshallah atakula, Bi Zuwena.” Kila siku inshallah. Ikafika mahali naiona simu inawaka natamani iwe ya mtu anayenidai.

Kisha chatu alianza kusugua pua. Nyoka asiyetulia hutafuta njia, na kioo hakielewi kwamba ni ukuta, anaona nje, anasukuma. Alisukuma pembe ileile kutwa mpaka ncha ya pua ikachubuka, ikawa nyekundu. Ngozi ya mgongo ikaanza kulegea, uti unajionesha. Tajiri alimwita daktari wa mifugo, kijana mwenye heshima aliyezoea ng'ombe na mbuzi. Alimchunguza akiwa mlangoni.

“Msogelee, daktari,” Bi Kazija alimwambia. “Hang'ati. Labda akuone una nyama.”

“Naona vizuri hapahapa, bibi. Hakuna ng'ombe aliyewahi kunitazama namna hii.”

Lakini alichosema kilikuwa cha kweli. Kidonda cha pua kisafishwe, na asipate tena pa kusugua. Kikiingia mdomoni, na huku hali, tutampoteza. Baada yake tajiri alinisogeza pembeni, si kwa ukali, akaniambia nianze kufikiri namna ya kumwambia yule mama.

Siku ile nilikaa kwenye ngazi ya stoo. Nilikuwa nimefanya kila kitu sawa. Hilo ndilo lililoniuma, na hata leo nikilikumbuka linaniuma. Mtu aliyefanya ovyo ana pa kushika, anasema ningefanya vizuri. Mimi sikuwa na pa kushika.

Nikaona bora nimpigie mwenyewe kabla hajatuma sauti yake. Ilikuwa asubuhi, jua limepanda. Akapokea kwa furaha. “Keshakula?”

“Hajala, Bi Zuwena. Na nakupigia kukwambia ukweli. Hali yake si nzuri.” Nikamweleza pua, nikamweleza mgongo.

“Na kapuni anaingia?”

“Kapu gani?”

“Kapu lake. Nililompa dereva.”

“Kapu lipo, Bi Zuwena. Usiwe na wasiwasi. Nimelitundika stoo, na kamba imo ndani kama ulivyoagiza. Haijatoka hata siku moja.”

Nilisikia ungo ukiwekwa chini.

“Kamba imo ndani,” alisema polepole.

“Imo. Nimeizungusha vizuri.”

“Hamisi. Mwanangu. Wewe mtu wa wapi?”

“Amani, huku Ng'ambo.”

“Na mama yako?”

“Mama mtu wa bara. Tabora.”

Ndipo aliposhindwa kujizuia. Alianza kwa kukohoa, nikadhani analia, kisha nikasikia kwamba anacheka, na nyuma yake kuna sauti ya mwanamke mwingine inauliza kuna nini, naye anajaribu kusema hawezi. “Kamba!” alikuwa akisema. “Kaizungusha kamba! Kaitundika!” Baadaye dada yake aliniambia kwamba hicho kilikuwa kicheko cha kwanza nyumbani mle tangu maziko.

Nyinyi wengine mmelelewa na mabibi wa mjini au wa shamba, mmeshajua. Jua likishatua, wengi hapa hawamtaji nyoka kwa jina lake. Ukimwita atakuja. Husema kamba. Dereva alikuja magharibi imeingia, na hata ungemlipa asingelitamka lile jina akiwa peke yake na mimi gizani, na lile sanduku miguuni. Alisema kamba akiwa na maana ya chatu. Chatu alale kapuni mwake, asilale nje. Nami nimezaliwa Ng'ambo, nimekua Ng'ambo, lakini nyumbani kwetu nyoka anaitwa nyoka asubuhi na jioni, na kubwa zaidi, mbele yangu palikuwa na kamba kweli.

Bi Zuwena alipotulia alinihadithia. Chatu yule alipokuwa mdogo alipotea siku nyingi, wakamtafuta nyumba nzima, yeye Bi Zuwena akahamia kwa jirani kwa woga. Wakamkuta kwenye kapu la vipande vya kanzu, chini ya cherehani. Tangu hapo alikataa kulala pengine. Bwana Suleiman akikata kanzu anamtupia vipande, na jioni anampa chakula akiwa kichwa tu kimetoka. “Mlishe kapuni,” alisema. “Na mfunike. Yeye hapendi kutazamwa akila. Hata marehemu alikuwa akimgeuzia mgongo.”

Nilimsimulia Bi Kazija. Nilitarajia aniambie nisijali. Aliweka ndoo chini, akakaa juu yake, akacheka mpaka akavuta ncha ya kanga kufuta macho. Kuanzia siku ile nikawa Bwana Kamba, na mpaka anaondoka kazini hakuniita tena Hamisi ila akiwa ameudhika.

Alipomaliza kucheka, alisimama. “Lete hilo kapu. Umelifua?”

“Sikulifua. Nilikuwa naogopa kuitoa kamba.”

“Alhamdulillahi kwa ujinga wako,” alisema.

Na kweli. Ningelielewa kidogo tu, ningelielewa nusu, kapu lingeoshwa kwa dawa na vitambaa vingechomwa moto, na harufu ya nyumba yake ingekwenda nayo. Ilibaki kwa sababu nilitii neno nisilolielewa.

Sasa sikilizeni tulivyofanya, maana hapa ndipo kuna kazi yenyewe. Tulilikagua kapu juani, kipande kimoja kimoja, tukatafuta utitiri, hakuna. Tulitoa gogo na lile pango la udongo. Pango langu lilikuwa kubwa mno. Nyoka hatafuti ukumbi, anataka mahali ambapo kuta zinamgusa mwili pande zote, hapo ndipo anajua kwamba hakuna kinachoweza kumjia kwa nyuma. Tukaliingiza kapu ubavu ubavu, kifuniko nusu. Tukafunika vioo vitatu kwa magunia, na kioo cha mbele tukakitundikia pazia, kanga kuukuu ya Bi Kazija. Maji tukayasogeza karibu na mdomo wa kapu. Upande mmoja jua la asubuhi lilikuwa likipiga ukuta wa nje, upande wa pili kivuli, basi joto na ubaridi alichagua mwenyewe, bila taa.

Chatu alitembea mara moja kuzunguka. Ulimi ulifika kwenye ukili, ukasimama. Kisha aliingia taratibu, pindo kwa pindo, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwao umeme umekatika, hana haja ya kuona.

“Haya,” Bi Kazija alisema. “Sasa lete ufunguo.”

“Ufunguo wa nini?”

“Wa chumba hiki. Utakaa na mimi.”

“Nani atamwangalia?”

“Hakuna. Ndiyo dawa yenyewe. Wewe ndiye unayemnyima kulala, Bwana Kamba. Kila akifumba, uso wako huo kiooni. Hata mimi nisingekula.”

Nyoka hafumbi macho, hana kope, na nilikaribia kumwambia. Badala yake nikampa ufunguo. Sijawahi kuwa na siku ndefu kama zile. Nilisafisha vibanda vya kobe mpaka kobe wakachoka nami. Bi Kazija aliingia asubuhi kubadilisha maji na kumpaka dawa ya pua akiweza kumfikia, akatoka, hakuniambia kitu. Nikimtazama usoni ananiuliza namezea mate nini. Tajiri naye alikuja na lake. Wageni wanauliza chatu yuko wapi, yeye anawaonesha kapu na kanga.

“Watu wanatoka Ulaya kuja kutazama kapu?”

“Waambie ni kapu la Chukwani,” Bi Kazija alimjibu. “Kwao hawana.”

Nilimtumia Bi Zuwena ujumbe kwamba mke mwenzie amerudi kapuni, zaidi ya hapo hatujui. Akajibu, “Basi mwacheni. Nami namwombea, ingawa simpendi.”

Jioni moja kabla ya magharibi, Bi Kazija alinikabidhi ufunguo na koleo. Alisema tegea, weka mbele ya kapu, funga pazia, uje kunywa chai. Usisimame. Nilitegea. Nilimtikisa panya kwenye koleo mpaka akaonekana yu hai. Nikafunga pazia. Miguu yangu ilitaka kubaki pale, nikaiburuta. Nilikunywa chai iliyokuwa na pilipili manga nyingi, naikumbuka ladha yake hadi leo, na nilimdanganya Bi Kazija kwamba simfikirii nyoka. Tuliporudi alivuta ncha ya pazia kidogo, akachungulia, akaniachia nafasi.

Panya hakuwepo. Kapu lilikuwa limetulia, na katikati ya vitambaa vya kanzu mwili wa chatu ulikuwa na uvimbe mmoja mzuri.

Nilirekodi sauti hapohapo. Nilisema, “Bi Zuwena, kamba imekula.” Nilitumia neno la jioni, maana adhana ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Alipotoka eda alikuja na dada yake. Nilimjua kwa sauti kabla ya kumwona. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akanitazama juu mpaka chini, akasema, “Kumbe wewe mwembamba. Kwenye simu nilidhani una kitambi.” Nikampa kiti, akakisogeza mbali na sanduku. Nikafungua pazia.

“Yuko wapi?”

“Kapuni.”

“Haonekani?”

“Haonekani, bibi. Nikimtoa atakasirika.”

“Usimtoe.” Alikaa akilitazama lile kapu. Kidonda cha pua kilikuwa kimepona, lakini hakukiona, hakuona chochote ila ukili na ncha za vitambaa. Nilikuwa na aibu kwamba sina cha kumwonesha. Naye akaanza kutabasamu.

“Hata kwetu alikuwa hivihivi. Wageni wakija anajificha, mimi nabaki kupika.”

Akafungua mkoba wake, akatoa kipande cha kitambaa cheupe, kipya, kimekatwa upande mmoja kwa mkasi na upande wa pili hakijakatwa. Alisema ndiyo kanzu marehemu aliyoiacha mezani. Alikuwa ameiweka miezi yote, hajui aifanye nini. Akanipa mimi, hakusogea. Nilikilaza mdomoni mwa kapu, nikafunga pazia. Kisha tukasikia ndani sauti ndogo ya ukili, ya kitu kizito kinajigeuza.

“Haya,” Bi Zuwena alisema, akasimama. “Amana imefika.”

Bi Kazija amekwisharudi Makunduchi, na chatu mmemkuta wenyewe, mnene, kapu limebadilishwa lakini vitambaa vingine ni vilevile. Nikipita bustanini siku hizi siingii chumba kile, kwa sababu ya kifua, nasimama nje.

Zamani tulikuwa tukimpokea nyoka mpya kwa sanduku safi, taa na macho yetu. Sasa anaingia na kitu cha alikotoka, hakijafuliwa. Aliyemleta huulizwa maneno yake yana maana gani, hasa akija jioni. Na mwenye ufunguo hufunga pazia, akaondoka.